Cheti cha kifo, faili la mirathi au daftari la parokia: uanze na kipi unapotafuta ukoo Uganda?

Mtu akianza kutafuta ukoo wake hapa Uganda, ushauri wa kwanza anaopewa ni kwamba atafute cheti cha kifo cha babu au bibi. Ushauri huo una maana, kwa kuwa cheti kina namba, muhuri na saini ya ofisa wa serikali. Tatizo linaanza pale anapokichukua kizima kizima: tarehe ya kifo, umri, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, vyote anavinakili kana kwamba vimesemwa na mtu mmoja aliyeyaona yote kwa macho yake. Mara nyingi sivyo.

Niseme mapema ninakoegemea. Ukitaka kujua mtu alikufa lini na wapi, cheti ndicho cha kutangulia, mradi kiliandikwa karibu na siku ya kifo. Ukitaka kujua aliacha wake gani na watoto gani, faili la mirathi linakishinda cheti kwa mbali. Ukitaka kujua alizaliwa lini, wazazi wake ni nani na aliitwaje kabla hajawa mzee maarufu, nenda kwenye daftari la parokia kama alibatizwa, na kwa wazee kama hakubatizwa. Safari za ofisini zina nauli, foleni na "rudi kesho", kwa hiyo ni vizuri ujue uanze na ipi kabla hujapanda taksi.

Cheti cha serikali

Sheria ya kusajili vizazi na vifo ililetwa na serikali ya kikoloni mwaka 1904, lakini usajili ulifanywa wa lazima kwa kila mtu mwaka 1973 tu. Katiba ya 1995, kifungu cha 18, inaiagiza serikali isajili kila kizazi, kila ndoa na kila kifo. Sheria ya 1998 iliunda URSB, ofisi ya huduma za usajili, na kazi ya vizazi na vifo ilikuwa huko mpaka mwaka 2015, sheria mpya ya usajili wa watu ilipoihamishia NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Ndoa zilibaki URSB. Kwa mtafutaji, miaka hii ina faida ya moja kwa moja: ukijua mtu alifariki miaka ya 1950 kijijini, usishangae jina lake likikosekana, na ukikuta cheti chake kina nembo ya NIRA, ujue kilitolewa miaka 60 hivi au zaidi baada ya mazishi.

Hilo la pili ndilo linalowapoteza wengi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, kwenye ardhi ya familia, nyuma ya nyumba au kwenye shamba la ndizi. Hakuna geti la makaburi ambako mlinzi atadai karatasi kabla ya kaburi kuchimbwa. Maiti inafika, matanga yanakaliwa, watu wanazika, na hakuna aliyekanyaga ofisi yoyote. Cheti kinatafutwa baadaye, siku benki inapokataa kutoa pesa, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapodai uthibitisho, pensheni inapokwama, au ndugu wawili wanapogombana juu ya shamba. Kwa hiyo vyeti vingi vya Uganda ni kumbukumbu ya haja iliyojitokeza baada ya kifo, na tarehe ya haja hiyo ipo kwenye karatasi ukijua pa kuitafuta.

Chukua cheti cha mfano, nilichokitunga kwa kuunganisha mambo yanayoonekana mara kwa mara. Kinasema mzee alifariki tarehe 12 Machi 1983, karibu na Bombo, akiwa na miaka 70. Mtoa taarifa ni mjukuu wake. Kifo kimesajiliwa Agosti 2008. Soma taratibu. Mwaka 1983 vita vya Luweero vilikuwa vimepamba moto, familia zinakimbia na zahanati zimefungwa, basi haielekei kuna daktari aliyeandika chochote siku ile. Mjukuu, kama mwaka 2008 alikuwa kijana wa miaka 30, siku ya kifo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Hiyo tarehe 12 aliisikia kwa mtu, au aliisoma kwenye kaburi lililojengewa saruji baadaye, au iliwekwa kwa sababu fomu haikubali nafasi wazi. Miaka 70 ni namba ya duara. Ukitoa 70 kwenye 1983 unapata 1913, na mtu anaandika "alizaliwa 1913" kwenye mti wa ukoo, kumbe amejenga juu ya makisio mawili yaliyobebana.

Je, cheti hicho hakifai? Kinafaa sana. Kinathibitisha kwamba mwaka 2008 kulikuwa na mjukuu mwenye jina fulani, anayeishi mahali fulani, aliyetambuliwa kama ndugu wa marehemu na aliyekuwa na sababu ya kuhangaika. Huyo ni shahidi hai, au aliyekuwa hai juzijuzi. Mtafute yeye, umuulize tarehe aliipata wapi.

Kinyume chake, cheti kilichoandikwa ndani ya wiki chache, chenye karatasi ya daktari nyuma yake na mtoa taarifa ambaye ni mke au mtoto mkubwa, nakiamini kwa tarehe na mahali bila kusita. Hata hicho siendi nacho mbali kwenye mambo ya kuzaliwa. Marehemu ndiye angejua jina kamili la bibi yake, na yeye hakuwepo kuulizwa.

Kuna alama moja inayosaidia kujua karatasi iliandikwa lini hasa. Kamati za vijiji zilizokuja baada ya 1986 ziliitwa RC (Resistance Council). Jina la LC (Local Council) likashika baada ya Katiba ya 1995, na LC1 ni ile ya ngazi ya kijiji. Kwa hiyo ukikuta barua ya kuthibitisha kifo yenye tarehe ya 1984 na muhuri wa LC1, barua hiyo iliandikwa baadaye, haidhuru tarehe yake inasemaje. Wilaya nazo zinasema: Busia ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997, Wakiso kutoka Mpigi mwaka 2000, Koboko kutoka Arua mwaka 2005. Karatasi inayosema mtu alifia "Wilaya ya Koboko" mwaka 1979 imeandikwa na mtu wa baada ya 2005. Si lazima iwe ya uongo. Inakuonya tu kwamba unasikia sauti ya baadaye. Na ukienda kutafuta daftari la wakati ule, liulizie Arua.

Barua ya mwenyekiti wa LC1 yenyewe, ambayo ofisi huipa uzito mkubwa, ni maneno ya familia yaliyopigwa muhuri. Mwenyekiti mzuri anawajua watu wake, na kama ni mzee wa kijiji aliyekuwepo mazishini, ushahidi wake ni wa thamani. Mwenyekiti aliyehamia kijijini juzi anaandika alichoambiwa.

Baba, mwana na mrithi

Mahali ambapo vyeti vyetu vinapotosha zaidi ni kwenye undugu, na wala hakuna anayedanganya. Baba mdogo ni baba. Mama mkubwa ni mama. Mtoto aliyelelewa na ndugu wa baba yake, akiulizwa na karani "marehemu ni nani wako?", atajibu "baba yangu" kwa moyo safi, na karani ataandika hivyo. Miaka 40 baadaye mtafutaji anaunganisha mstari wa damu usiokuwepo, na mzazi halisi anafutika.

Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, kuna jambo jingine la kuangalia. Siku ya kumaliza matanga, yaani okwabya olumbe, mrithi anawekwa mbele ya ukoo, anavikwa gome la lubugo, anakabidhiwa mkuki kama ni mwanamume, na tangu siku hiyo anakaa mahali pa marehemu. Watoto wa marehemu humwita baba hata kama ni mdogo wao, na mara nyingi jina la marehemu linamfuata. Karatasi mbili zenye jina moja na kijiji kimoja, zikipishana miaka 25, zinaweza kuwa za mtu na mrithi wake. Kabla hujasema "huyu ndiye", tafuta kitu cha tatu cha kuwatenganisha: jina la mke, jina la ubatizo, kipande cha ardhi, au kazi.

Sababu ya kifo niiseme kwa ufupi. "Homa ya mapafu", "kifua kikuu", "ugonjwa wa muda mfupi": katika vyeti na matangazo ya miaka ya 1980 na 1990 maneno hayo mara nyingi yalifunika UKIMWI, uliotambulika mapema huku Rakai. Familia zilikuwa zikijilinda. Mtafutaji hana haki ya kutamka sababu ambayo karatasi haikutamka, hasa wajane na watoto wakiwa hai.

Faili la mirathi

Hapa ndipo nawapeleka watu wengi, na mara kwa mara ndipo wanapopata ukoo wao. Mtu akifa ameacha mali, kifo kinatakiwa kuripotiwa kwenye ofisi ya Administrator General, ofisa wa serikali anayeshughulikia mirathi, au kwa wakala wake wilayani. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inaleta barua ya LC1, inataja wajane, watoto na mali. Wakikubaliana, ofisi inatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha wanakwenda mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Kukiwa na wosia, ombi linakuwa la kuuthibitisha huo wosia. Ombi linatangazwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mirathi midogo inasikilizwa na mahakama za mahakimu, hivyo faili linaweza kuwa wilayani hata kama familia inaamini kila kitu kiko Kampala.

Linganisha na cheti. Cheti kina mtoa taarifa mmoja. Faili lina kikao kizima, na kila aliyehudhuria ameweka saini au dole gumba. Cheti hakitaji watoto. Faili linawataja wote ambao familia imekubali kuwataja, mara nyingi na umri wao na jina la mama wa kila mmoja, kwa sababu mgawanyo unahitaji hivyo. Tena faili lina kitu ambacho cheti hakina kabisa: ubishi. Mtoto wa nje aliyeachwa kwenye orodha anapoleta pingamizi, analazimika kueleza alizaliwa lini, mama yake ni nani, nani alikuwa akimlipia karo. Mjane wa pili analeta picha za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mashahidi wanaitwa. Kesi iliyowagombanisha ndugu miaka kumi ni chungu kwao, ila kwa mtafutaji imehifadhi majina ambayo yasingeandikwa mahali pengine popote.

Kuna ufunguo wa kusomea mafaili haya. Kwa mtu aliyekufa bila wosia, sheria ilitoa asilimia 75 kwa watoto na wajukuu, 15 kwa mjane, 9 kwa wategemezi na 1 kwa mrithi wa kimila. Marekebisho ya 2022 yalipandisha fungu la mwenzi wa ndoa hadi 20, la wategemezi likashuka hadi 4, mengine yakabaki. Jina lililo kwenye lile fungu la asilimia 1 ndilo la mrithi aliyewekwa siku ya kumaliza matanga. Ukimjua, unaweza kumtenganisha na marehemu kwenye karatasi zinazofuata. Na wategemezi ni hazina iliyojificha: hapo ndipo anapotokea shangazi mzee, mtoto wa dada, mama mzazi wa marehemu aliyekuwa bado hai.

Udhaifu wake uko wazi. Asiye na mali hana faili. Wanawake wa vizazi vilivyopita, ambao wengi hawakumiliki ardhi kwa majina yao, utawakuta kama wajane na mabinti ndani ya mafaili ya wengine, si kama marehemu wenye faili lao. Na orodha ya watoto inaandikwa na watu wenye maslahi: aliyekosekana hakukosekana kwa bahati, na aliyeongezwa pia kuna aliyemuongeza. Ndiyo maana silichukui faili kama orodha kamili ya watoto. Nalichukua kama orodha ya watoto waliotambuliwa siku ile na watu wale.

Kwa ardhi ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, kuna njia ya pembeni: daftari la ardhi. Mwenye hati akifa, jina la msimamizi wa mirathi linaingizwa kwenye ukurasa wa kipande kile, na tarehe ya kuingizwa ipo. Tarehe hiyo si ya kifo, lakini inakupa ukomo: mzee alikuwa amekwisha kufa ifikapo siku hiyo. Ukijua kitalu na namba ya kipande unaweza kupata mfululizo wa vizazi vitatu kwenye ukurasa mmoja.

Daftari la parokia, na msikiti usio na daftari

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Buganda mwaka 1877, Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, na Wakatoliki wenzao wa Mill Hill wakafuata 1895. Wote waliandika. Parokia ya Kikatoliki yenye umri mkubwa ina madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo, na yale ya zamani mara nyingi yameandikwa kwa Kilatini. Usiogope: maneno ni machache na yanajirudia, na katekista mzee atakusomea.

Uzito wa daftari la parokia ni kwamba liliandikwa wakati jambo linatokea, na mtu asiyekuwa akigombea mali. Ubatizo wa mtoto mchanga unataja baba, mama, mdhamini na tarehe. Hiyo tarehe ya kuzaliwa inaishinda ile ya kwenye cheti cha kifo hata kama cheti kimetoka Kampala na daftari limeliwa na mchwa pembeni. Mara nyingi pia, pembeni mwa mstari wa ubatizo padri ameongeza ndoa ilifungwa wapi na lini. Mstari mmoja unakuonyesha parokia ya pili.

Kwa vifo, daftari la kanisa lina mapengo. Aliyefia kwenye kigango cha mbali bila padri kuitwa, aliyeishi na wake wawili akanyimwa mazishi ya kanisa, aliyehamia mjini, wote hawamo. Halafu yapo majina: aliyebatizwa mtu mzima akawa Yozefu au Yohana, serikali inamjua kwa jina hilo, kijijini anajulikana kwa jina jingine kabisa. Ukiwa na cheti kinachosema Yohana, daftari la ubatizo ndilo litakalokupa jina la zamani, kama padri alijali kuliandika.

Kwa Waislamu, wakiwemo Wanubi wa Bombo na jamaa zetu wa Arua na Koboko, hali ni tofauti. Maziko ni ya haraka, mara nyingi siku ileile, na msikiti kwa kawaida hauna daftari la vifo. Kumbukumbu iko kwa imamu, kwa walioosha maiti, kwa familia iliyofanya arobaini. Hapa angalia siku. Kwa hesabu yetu siku inaanza jua linapozama, na "usiku wa Ijumaa" wa wazee ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya hospitali bado ni Alhamisi mpaka saa sita ya usiku. Ukikuta kaburi na karatasi ya hospitali vinapishana siku moja, usikimbilie kusema mmoja amekosea. Mwaka wa Hijria nao ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo mzee aliyehesabiwa miaka 80 ya Kiislamu ana kama 77 na miezi kadhaa ya kalenda ya ofisini.

Magazeti, redio na makaburi

Kabla ya simu za mkononi, matangazo ya vifo ya Radio Uganda ndiyo yaliyowaita watu kutoka kila pembe. Sauti zile zimepotea kwa sehemu kubwa, ila magazeti yapo: Munno lililoanza 1911, Uganda Argus la miaka ya 1950 na 1960, New Vision tangu 1986, Bukedde tangu 1994. Tangazo la kifo ni zuri kwa mahali pa mazishi, majina ya watoto na wakwe, na kwa tarehe, kwa kuwa lilitolewa siku hiyohiyo au ya pili yake. Kwa mtu aliyejulikana, mimi ningelitafuta kabla ya cheti.

Kaburi linasema pale alipo marehemu leo. Huko Acholi, watu waliozikwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita, wengi mifupa yao ilifukuliwa na kurudishwa nyumbani amani iliporejea. Jiwe la saruji lililo nyumbani halina habari kwamba alifia kambini.

Wasiokuwa na karatasi

Kutokuwemo kwenye daftari la serikali hakuthibitishi kwamba mtu hakuwepo, wala kwamba hakufa. Malale iliua zaidi ya watu 200,000 Busoga na pwani ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi mno hawakuandikwa popote. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) unaweza kumpata kwenye orodha yao mtandaoni. Mpagazi, ni vigumu sana.

Waliotoweka miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, wana karatasi za namna yake. Mwaka 1973 ilitolewa sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea, na sheria ya ushahidi inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba achukuliwe kuwa amekufa. Karatasi ya mahakama itakuwa na tarehe. Tafadhali usiiandike kama tarehe ya kifo. Andika: "alionekana mara ya mwisho" mwezi fulani, na mahakama ikaamua mwaka fulani. Familia iliyosubiri baba miaka saba inastahili hayo mawili yaandikwe kila moja mahali pake. Ushahidi wa namna hii unapatikana pia kwenye kazi ya tume iliyokaa kati ya 1986 na 1994 kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu uliotokea kabla ya 1986.

Waliofia nje

Kwa watu wa mpakani, Busia na Malaba, kumbuka kwamba kifo husajiliwa kilipotokea. Mgonjwa aliyevushwa kwenda hospitali ya upande wa pili yumo kwenye daftari la Kenya hata kama kaburi liko Uganda.

Familia za Waasia waliofukuzwa mwaka 1972, na Waganda waliohamia Uingereza, wana bahati ya daftari lililoanza Julai 1837 kwa England na Wales. Fahirisi yake ya vifo kwa miaka mingi inaonyesha robo ya mwaka kifo kiliposajiliwa, si siku yenyewe. Tangu katikati ya 1969 inaonyesha na tarehe ya kuzaliwa, ambayo nayo ilitolewa na mtoa taarifa. Marekani kuna fahirisi ya vifo ya Social Security, na humo mahali panapotajwa ni makazi ya mwisho yanayojulikana. Mtu anaweza kuonekana wa Boston, kumbe alifia likizoni Mbale. Vifo vya karibuni havifunguliwi kwa kila mtu mpaka miaka mitatu ipite.

Sasa uanze wapi?

Kama marehemu alikuwa na ardhi, au alikuwa mfanyakazi wa serikali, anza na mirathi. Humo utakuta nakala ya cheti cha kifo bila kukitafuta peke yake, pamoja na barua ya LC1, muhtasari wa kikao na orodha ya watoto. Kama alikuwa Mkatoliki au Mwanglikana wa kijijini asiye na mali, anza na parokia, halafu makaburi, halafu NIRA. Kama alifia hospitali kubwa ya mjini miaka ya karibuni, cheti ndicho cha haraka. Kama alikuwa Muislamu asiye na hati ya ardhi, anza na mtu mzima kuliko wote katika familia, leo hii, na umuulize kwa matukio kuliko kwa miaka: alikuwa na umri gani nzige walipokuja mwaka 1931, alikuwa ameoa Kabaka alipopelekwa uhamishoni 1953? Karatasi zitangoja. Yeye hawezi kungoja.

Popote utakapoanza, mbele ya kila habari andika mambo matatu: nani aliisema, miaka mingapi baada ya tukio, na alikuwa akihitaji nini siku hiyo. Karatasi mbili zikipingana, chagua ile ambayo msemaji wake alikuwa karibu zaidi na tukio lenyewe, kisha uiache ile ya pili ikae pembeni na maelezo yake. Usiifute, kwa maana mjukuu wako anaweza kupata ya tatu itakayoipa ya pili haki.

Na kabla hujapiga picha cheti ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, funika namba ya kitambulisho, namba ya simu ya mtoa taarifa, na sababu ya kifo. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Hata isingekuwepo, mjane wa marehemu yumo kwenye kundi hilohilo na atayasoma.